Kofia laini kwa watoto wanaopimwa ubongo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu uchangishaji

Majibu haya yameandaliwa na wazazi na mafundi cherehani wa kujitolea wa Dar es Salaam, wanaochangisha fedha za kushonea kofia watoto wanaofanyiwa kipimo cha umeme wa ubongo, ambacho hospitalini hujulikana zaidi kwa jina la EEG na hutumika sana kuchunguza kifafa. Yamekusudiwa wachangiaji, wazazi ambao mtoto wao ameandikiwa kipimo hicho, na yeyote anayetaka kuanzisha changizo la namna hii mahali alipo.

Kipimo hiki hufanywaje, na kofia inaingia wapi?

Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo mno, unaopimwa kwa sehemu za milioni za volti. Hans Berger, daktari wa mji wa Jena nchini Ujerumani, aliurekodi umeme huo kutoka kichwani mwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924, na mwaka 1929 akachapisha matokeo yake. Mashine zimebadilika sana tangu wakati huo, lakini kazi ya mikono bado ni ile ile. Mtaalamu humpima mtoto kichwa kwa futi ya kitambaa kama ya fundi cherehani, huweka alama kwa penseli laini, husugua ngozi kwa krimu yenye chembechembe, kisha hubandika visahani vidogo vya madini kimoja baada ya kingine kwa krimu nzito inayonata. Kwa utaratibu wa kawaida unaofuatwa duniani, visahani 19 hukaa kichwani na viwili masikioni, na kila kimoja kina waya wake. Mtoto mchanga huwekewa vichache zaidi.

Kurekodi kwenyewe mara nyingi huchukua kati ya dakika 20 na 40, lakini mtoto anayechunguzwa pamoja na kamera ya video anaweza kukaa na waya hizo usiku kucha au hata siku kadhaa. Kofia huvalishwa baada ya kisahani cha mwisho kubandikwa na mtaalamu kuridhika kwamba vyote vinasoma. Kazi yake ni kuvifunika, kuzikusanya waya upande wa nyuma, na kumzuia mtoto asizivute. Kipimo kikiisha, kofia hiyo hiyo humfaa njiani kurudi nyumbani, kwa sababu nywele huwa bado zimejaa krimu iliyokauka na mtoto hapendi kutazamwa akiwa hivyo ndani ya daladala.

Je, kipimo kinaumiza?

Hapana. Mashine haipeleki umeme wowote kichwani. Inapokea ule unaotoka. Hata hivyo, mtoto wa miaka minne ambaye mara ya mwisho alipolazwa kwenye kitanda cha hospitali alichomwa sindano hawezi kulijua hilo. Anaona waya nyingi za rangi mbalimbali zikining'inia, anauliza, "Ni sindano?", anajibiwa, "Hapana, mwanangu," na bado anauliza tena kila kisahani kipya kinapokaribia kichwa chake. Hofu hiyo ni ya kweli hata kama maumivu hayapo, na ndiyo tunayoichangishia fedha.

Kofia inabadilisha nini katika majibu ya kipimo?

Kofia haitibu kifafa wala haiongezi uwezo wa mashine, na hatungependa mchangiaji yeyote aaminishwe hivyo. Faida yake hupitia kwenye utulivu wa mtoto. Misuli ya uso na shingo nayo hutoa umeme, tena mkubwa kuliko ule wa ubongo, kwa hiyo mtoto anayelia, anayekaza taya au kutikisa kichwa huijaza rekodi mistari minene ambayo daktari hawezi kuisoma. Kisahani kikibanduka, mstari wake hupotea mpaka kibandikwe upya, na kila kinapobandikwa upya mtoto huanza kulia tena. Pia mara nyingi daktari huhitaji kuona ubongo ukiwa usingizini, na mtoto mwenye kitambaa laini kichwani, aliyeruhusiwa kukichagua mwenyewe kati ya rangi tatu au nne, hulala kwa urahisi kuliko yule anayehisi waya zikimkwaruza shingoni kila anapogeuka.

Ni vizuri pia mchangiaji ajue kwamba kipimo kilichosomeka vizuri si lazima kitoe jibu la mwisho. Mtoto mwenye kifafa anaweza kutoka na rekodi isiyoonyesha kasoro yoyote, na daktari bado akategemea maelezo ya mzazi aliyeuona mshtuko wa kifafa kwa macho yake.

Kwa nini msinunue kofia za dukani, ambazo ni rahisi?

Tulipoonyesha kofia za dukani kwa wanaofanya vipimo, nyingi zilikataliwa kwa sababu zenye mantiki. Kofia za nailoni na poliesta zikisuguana na nywele huzalisha umeme tuli, ambao huingia kwenye rekodi. Kofia nzito za sufu humtoa mtoto jasho, na jasho chini ya visahani huifanya mistari ya rekodi ipande na kushuka polepole hata ikafanana na mawimbi ya ubongo. Katika joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hilo hutokea upesi sana. Kofia zenye mpira mkali pembezoni huvikandamiza visahani kwenye ngozi, na mtoto anayekaa nazo siku mbili anaweza kupata vidonda. Kofia zenye vifungo, shanga au mapambo ya kuning'inia ni hatari kwa mtoto mdogo anayetia kila kitu mdomoni, na zile za kufungwa kamba chini ya kidevu hazimfai kabisa mtoto mchanga, kwani kamba inaweza kumkaba.

Kofia tunayoshona ni ya kitambaa cha fulana cha pamba tupu, chepesi na kinachovutika. Mshono hutazama nje, ili upande unaogusa kichwa uwe laini, na ukipitisha kidole ndani usikutane na uzi wala kifundo. Nyuma, karibu na kisogo, tunaacha tundu la kupitishia waya zikiwa zimekusanywa pamoja. Mbele kunafunguka na kufungwa kwa utepe wa kubandika, ili kisahani kimoja kikilegea mtaalamu akifikie bila kuivua kofia yote. Masikio yanabaki huru, kwa kuwa nako kuna visahani. Hakuna chuma popote, hata pini ya kushikilia lebo, kwa sababu mtoto anaweza kupelekwa siku hiyo hiyo kwenye kipimo cha MRI, yaani cha picha za ndani ya mwili kwa sumaku kubwa, ambako chuma hakiruhusiwi. Huko nako kofia huvuliwa, isipokuwa wahusika wa chumba hicho wakiruhusu ibaki.

Kanga na kitenge ni vitambaa vizuri na watoto huvipenda, lakini havivutiki. Tunavitumia kwa ukanda wa nje tu.

Nimeona kofia ambazo visahani vimeshonewa ndani yake. Hizo ndizo mnazochangisha?

Hapana. Hizo ni sehemu ya mashine na hununuliwa na hospitali. Changizo letu halinunui vifaa vya tiba.

Mtoto aliyesukwa au anayevaa mtandio afanyeje?

Visahani lazima viguse ngozi ya kichwa, kwa hiyo hospitali nyingi huomba nywele zifumuliwe, zioshwe na zisipakwe mafuta siku ya kipimo. Wigi, rasta za kubandika na wivingi huondolewa. Kwa watoto wenye nywele nene za Kiafrika, hata zikifumuliwa, kisahani husukumwa juu na nywele na kubanduka upesi. Mwaka 2020 Arnelle Etienne, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, alitambulika pamoja na wenzake kwa kubuni visahani vinavyoshikiliwa katikati ya mistari ya nywele zilizosukwa. Kabla ya kumfumua mtoto muulize mtaalamu, kwa sababu baadhi yao hupendelea nywele zilizosukwa twende kilioni kwa mistari iliyonyooka, yenye nafasi ya kutosha kati yake.

Kwa msichana anayevaa hijabu, kuvuliwa mtandio mbele ya watu asiowajua ni mzigo mwingine juu ya hofu aliyonayo. Tunashona kofia ndefu zaidi, inayofunika shingo na kisogo, ili mara tu visahani vinapokamilika asitirike. Ombi la kofia hizo halihitaji maelezo yoyote; mzazi aseme tu anataka ndefu.

Je, kofia moja huvaliwa na watoto wengi?

Hapana. Kila mtoto huondoka na kofia yake. Kuzikusanya na kuzifua kungeilazimu hospitali kuziingiza katika utaratibu wa kuzuia maambukizi, ili chawa au mapunye ya mtoto mmoja yasihamie kwa mwingine. Tena mtoto aliyeambiwa kwamba kofia ni yake halafu akavuliwa mlangoni atakuwa amedanganywa.

Gharama ya kofia moja mnaikokotoaje?

Tunaanza na vipimo vya vichwa. Mzingo wa kichwa cha mtoto mchanga ni karibu sentimita 35, wa mwaka mmoja karibu 46, na wa miaka mitano karibu 51. Tunaongeza sentimita tatu au nne za visahani na bandeji iliyo chini ya kofia, na kwa kuwa kitambaa kinavutika, pindo huhesabiwa humo humo. Kitambaa cha fulana chenye upana wa sentimita 150 hutoa vipande viwili vya mtoto wa miaka mitano na kimoja cha mtoto mchanga katika safu moja, na kila mita ina safu tatu za kimo cha sentimita 28. Maana yake mita moja hutoa kofia tisa, sita kubwa na tatu ndogo, kabla ya kuondoa zitakazoharibika. Kitambaa hufuliwa kwanza kwa maji ya moto ndipo kikatwe, kwa sababu pamba husinyaa katika ufuaji wa mwanzo.

Juu ya kitambaa kuna uzi, utepe wa kubandika, ujira wa fundi mwenye mashine ya ovaloki, mifuko ya kufungashia, nauli ya kupeleka na makato ya miamala ya simu. Makato na nauli ndivyo vinavyosahaulika na wengi wanaoanza, na matokeo yake mtu hutangaza bei ya kofia ambayo baadaye haitoshi. Tunawalipa mafundi wasio wanachama. Anayejitolea hujitolea kwa hiari yake, bali fundi ambaye cherehani ndiyo chakula cha watoto wake hapaswi kuombwa kazi ya bure kwa jina la watoto wa wengine.

Si afadhali fedha hizi zinunue dawa?

Swali hili ni la haki na tunalijibu bila kukwepa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wana kifafa, karibu asilimia 80 kati yao wakiishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila mishtuko kama wangepimwa na kutibiwa ipasavyo. Shirika hilo hilo linasema dawa za bei nafuu zinaweza kugharimu kiasi kidogo kama dola 5 za Marekani kwa mwaka. Kwa hiyo ukijua mtoto aliyekatiza dawa kwa sababu mzazi hana fedha, mchango wako uende huko kwanza, na sisi wenyewe tutakushauri hivyo.

Kofia ni fedha ndogo kwa mtoto ambaye tayari amefikishwa kwenye kipimo, mara nyingi baada ya safari ndefu na nauli ya kukopa. Safari hiyo ikipotea kwa sababu mtoto hakutulia, mzazi atatakiwa kurudi, na wapo wasiorudi. Hapo ndipo tunapoona mchango huu una thamani yake.

Kwa nini mnasisitiza kufunika? Kuna aibu gani?

Hakuna aibu, lakini kuna macho ya watu. Dakta Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuta wagonjwa wakitengwa na hata kula peke yao kwa hofu kwamba ugonjwa huambukizwa. Wapo leo wanaoamini vivyo hivyo, au wanaosema mtoto amerogwa au ana mashetani. Kifafa hakiambukizwi kwa mate, kwa chakula wala kwa kugusana, na tunalisema hilo katika kila mkutano wa kuchangisha. Ila mtoto mwenye waya kichwani kwenye korido iliyojaa watu hawezi kusubiri mpaka jamii yote ielimike. Anastahili kitu cha kujifunika leo.

Michango inakusanywaje na nani anaiangalia?

Kwa jinsi tulivyozoea michango ya harusi na misiba: kikundi cha WhatsApp, orodha ya ahadi na mweka hazina. Tofauti ni kwamba hatupokei fedha kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Tunatumia lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la kikundi, na kutoa fedha kunahitaji idhini ya watu wawili wasio wa familia moja. Kila mwisho wa mwezi picha za risiti za kitambaa na za mafundi huwekwa kikundini pamoja na hati ya hospitali inayoonyesha idadi ya kofia zilizopokelewa. Anayeahidi bila kutoa hatumtaji hadharani, kwani watu huahidi kwa moyo kisha mwezi ukawabana.

Wanaoanza Kenya wataona harambee ni njia iliyozoeleka zaidi. Kokote uliko, pitia kwanza ofisi ya serikali ya eneo lako na ya ustawi wa jamii uulize kibali kinachohitajika, hasa kama mtapita nyumba kwa nyumba au sokoni.

Je, mchango huu unaweza kuwa zaka?

Zaka ina makundi yake manane yaliyotajwa katika Qurani, sura ya 9 aya ya 60, na si kila mtoto anayepimwa yumo. Tunapokea michango ya Waislamu kama sadaka, na anayetaka iwe zaka tunamwomba aulize kwanza kwa sheikh wake. Makanisani huwa tunaomba siku maalumu ili tusiingiliane na michango mingine ya usharika au parokia.

Mbona hamtumii picha za watoto? Zingeleta fedha nyingi zaidi.

Huenda zingeleta. Hata hivyo, mtoto anayelia akiwa na waya kichwani hajamruhusu mtu yeyote aitumie hali yake, na picha ikishasambazwa itamkuta shuleni miaka kumi baadaye. Taarifa za afya zinalindwa na sheria: Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Hata mzazi anapokubali, hukubali akiwa hospitalini, akiwa amechoka na akiona haya kumkatalia mtu aliyemletea mwanawe zawadi. Ridhaa ya namna hiyo hatuitegemei. Tunapiga picha kofia zikiwa mezani, mikono ya fundi kwenye cherehani, na mwanasesere aliyevalishwa. Hatutaji jina la mtoto, ugonjwa wake wala siku aliyopimwa.

Nitaanzaje katika hospitali ya mkoa wangu?

Anza na kitengo chenyewe kabla ya kununua hata mita moja ya kitambaa. Mwombe mkuu wa kitengo akuambie watoto wangapi hupimwa kwa mwezi, wa umri gani, wanatumia krimu au gundi, na kama vipimo vya usiku kucha vinafanyika. Gundi huondolewa kwa dawa kali kama asetoni, ambayo haifai kugusa kitambaa kikiwa kimevaliwa, kwa hiyo mpangilio wa kofia hubadilika. Peleka sampuli mbili au tatu na uwaachie wazikosoe. Uongozi wa hospitali ukishakubali kwa maandishi, ndipo utangaze changizo, ukitaja idadi uliyoambiwa na hospitali, hata kama ni ndogo kuliko uliyotamani. Kwenye baridi ya Njombe, Mbeya au Limuru kitambaa kizito kidogo kinakubalika, pwani hapana.

Mwanangu amepangiwa kipimo wiki ijayo. Nimwandaeje?

Fuata kwanza maelekezo ya kitengo, na usimkatizie dawa zake bila kuambiwa na daktari. Ukiagizwa umcheleweshe kulala usiku uliotangulia, jipangeni wawili nyumbani, kwani kumkesha mtoto peke yako ni kazi nzito, na njiani usimwache asinzie. Mweleze kwa lugha yake kwamba atabandikwa vitu baridi kichwani, visivyochoma. Michezo ya kumvalisha mwanasesere au mdogo wake kofia humsaidia sana, na ukituomba mapema tunaweza kukupatia kofia kabla ya siku yenyewe ili aizoee. Katika kipimo anaweza kuombwa apumue kwa nguvu kwa dakika tatu au atazame taa inayomweka. Kama ana selimundu, mwambie mtaalamu mapema, kwa sababu zoezi la kupumua kwa nguvu halimfai.

Ni wakati gani mzuri wa kuchangisha?

Siku ya Kimataifa ya Kifafa huadhimishwa Jumatatu ya pili ya Februari, na tarehe 26 Machi ni Siku ya Zambarau, iliyoanzishwa mwaka 2008 na Cassidy Megan, msichana wa Kanada aliyekuwa na kifafa mwenyewe. Watu huvaa rangi hiyo, na kofia za zambarau zikionyeshwa kazini au shuleni hueleza jambo lenyewe bila hotuba ndefu. Epuka Januari, mwezi wa ada za shule.

Ninaishi Muscat, London au Minneapolis. Nitume kofia au fedha?

Tuma fedha. Kofia zilizosukwa kwa sufu huko kwenye baridi ni kazi ya upendo, lakini hazifai pwani kwa sababu ya jasho, na mzigo unaweza kukwama bandarini ukidaiwa ushuru unaozidi thamani yake. Kofia zilizovaliwa hatupokei kabisa. Ukitaka kusaidia kwa mikono yako, jiunge na kitengo cha watoto katika hospitali ya mji unaoishi. Hata huko watoto hupimwa na huogopa, na baadhi yao wazazi wao ni Waswahili wenzako ambao wangefarijika kueleweshwa kwa lugha yao.

Fedha zikizidi mahitaji zinaenda wapi?

Hili huamuliwa kabla changizo halijaanza na huandikwa kwenye tangazo lenyewe, ili lisizue ugomvi baadaye. Kwetu, ziada yote hulipia nauli za wazazi wanaotakiwa kumrudisha mtoto kwa kipimo cha pili, kupitia ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali husika, ambayo ndiyo inayowafahamu wenye uhitaji. Mchangiaji asiyependa utaratibu huo anaweza kutuandikia ndani ya siku 14 tangu hesabu zitangazwe, naye atarudishiwa sehemu yake ya ziada, ikipunguzwa makato ya muamala tu.